Si Uvivu Wala Ujinga

Imekuwa desturi katika majumba yetu kwamba mtoto aliyechelewa kujua kusoma huitwa mvivu, au husemwa kuwa ni mzito wa akili, na dawa anayotafutiwa ni bakora. Twaandika haya kwa kuwa katika nyumba yetu yumo mmoja wa watoto hao, kijana wa miaka kumi, na hatuna shaka kuwa wenziwe wamo katika majumba mengi ya wasomaji wetu.

Kijana huyu ameihifadhi Juzuu Amma yote, naye huisoma kwa sauti nzuri huku kidole chake kikipita juu ya mstari. Mwenye kumsikiliza atasema huyu amekwisha kusoma. Lakini mwekee kidole katikati ya ukurasa, umwambie aanzie hapo: hawezi, mpaka arejee mwanzo wa sura. Maana hasomi kwa jicho; husoma kwa sikio. Be huiita te, na jimu na khe humchanganya, kwani tofauti yao ni nukta tu. Skuli nako, b huiandika d. Ama hesabu za kichwa, hapana anayemshinda darasani.

Hali hii wataalamu huiita disleksia. Mwaka 1896 daktari wa Uingereza, W. Pringle Morgan, aliandika habari za kijana wa miaka 14, mwerevu na hodari wa hesabu, ambaye kusoma kulimshinda kabisa; hata jina lake mwenyewe, Percy, aliliandika Precy asitambue kosa. Wakati ule walidhani ni upofu wa maneno. Leo imejulikana kuwa asili yake haimo machoni, bali ni katika namna ubongo unavyozipambanua sauti za maneno na kuziunganisha na herufi. Aghalabu hurithiwa, wala si kipimo cha akili.

Na kwa kuwa Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, mtoto wetu aweza hatimaye kulisoma kila neno sawasawa, ila polepole mno, hata afikapo mwisho wa sentensi amesahau mwanzo wake. Hapo ndipo wazee husema, "Anajua huyu, ila hataki."

Mwalimu wake wa kwanza wa chuoni aliitumia sana bakora, na matunda yake yalikuwa kijana kuumwa na tumbo kila alasiri. Hatusemi kuwa alikuwa mtu mbaya. Alifundisha kama alivyofundishwa. Lakini Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amuwie radhi, amepokea kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba mwenye kuisoma Kurani kwa kutatizika na kwa taabu ana ujira mara mbili. Basi aliyeahidiwa ujira huo, sisi twamchapa kwa sababu gani?

Jirani mmoja alitushauri tumnunulie miwani, mwingine tumnyweshe kombe. Macho yake tuliyapeleka kupimwa, na masikio pia, kama inavyompasa kila mzazi kuanza. Yote yalikuwa mazima. Kilichomfaa ni mwalimu wa pili. Huyu humpa herufi mbili tu kwa juma, akazichora mchangani kwa kidole huku akitamka sauti zake, na hampeleki mbele mpaka zimkae. Mafundisho ya hatua ndogo ndogo, yenye kufunga sauti na herufi waziwazi na kurudiwa mara nyingi, ndiyo yaliyothibitika kufaa. Hayaiondoi hali yenyewe, maana mtu hukua nayo mpaka uzeeni, lakini humfikisha kusoma.

Dada yake, mwenye miaka mitano, ataingia chuoni baada ya Idi. Watoto wa kike mara nyingi hupitwa, kwa kuwa wakishindwa hunyamaza. Tumekwisha kumwomba mwalimu naye amwanzishe kwa mchanga.