Mikono ya Mama Si Mkanda

Mpenzi msomaji, wahenga walisema ajali haina kinga. Nami nilizoea kuyatamka maneno hayo kila niliposikia habari mbaya za barabarani. Niliyatamka hata siku ile nilipokuwa nimemkumbatia binti yangu Neema kando ya barabara ya kuelekea kwetu mashambani, damu ikimtiririka usoni. Siku hizi siyasemi tena. Hebu nikusimulie, kisha uamue mwenyewe.

Ni miaka minne sasa. Neema alikuwa amepita mwaka mmoja kwa miezi michache tu, na mizani ya kliniki ilikuwa imeonyesha kilo 10 kamili. Tuliabiri matatu ya abiria 14. Nilimpakata mapajani kama afanyavyo mama yeyote asiyetaka kulipa nauli ya watu wawili. Mkanda wa kiti changu ulikuwepo, ila ulikuwa umechakaa na kujaa vumbi. Utingo akaniambia, "Usijali mama, tukikaribia polisi nitakwambia uuweke juu ya magoti." Nikacheka. Abiria wenzangu nao wakacheka.

Tulipokaribia soko moja, pikapu iliyokuwa mbele yetu ilisimama ghafla. Dereva wetu alikanyaga breki kwa nguvu zake zote, lakini wapi! Tuliigonga kwa nyuma. Haikuwa ajali ya kuandikwa magazetini, kwani hakuna aliyepoteza maisha. Lakini Neema alinichomoka mikononi kama kipande cha sabuni, akagonga kipaji cha uso kwenye chuma cha kiti cha mbele. Alishonwa nyuzi tano. Kovu analo hadi leo.

Yaliyofuata ndiyo yaliyonichoma zaidi. Mume wangu hakunipigia kelele. Aliniuliza swali moja tu: "Mama Neema, ulimwachiliaje?" Mama mkwe naye akasema mama hamwachilii mwanawe hata dunia ikipinduka. Msomaji, swali hilo lililala nami na kuamka nami kwa miaka mitatu. Je, nilikuwa nimesinzia? Je, nilimshika kwa ulegevu? Mimi ni mama wa aina gani?

Jibu nililipata pale nisipolitarajia, katika daftari la fizikia. Mwana wa kaka yangu, aliyekuwa kidato cha tatu, alikuja kwetu likizo ya Agosti. Jioni moja akaniomba nimsikilize akijifunzia mtihani. Mimi fizikia niliitoroka mapema shuleni, lakini shangazi hakatai.

Akanieleza kwamba kila kitu kinachokwenda kina kitu kinachoitwa momentamu. Mimi nitauita mzigo wa mwendo. Huupata kwa kuzidisha kilo za kitu hicho kwa kasi yake. Yule bingwa wa Uingereza, Isaac Newton, alieleza katika kitabu chake cha mwaka wa 1687 kwamba kitu kilicho mwendoni huendelea na mwendo wake mpaka nguvu nyingine ikizuie. Matatu ikisimama ghafla, wewe uliyeketi ndani hujasimama. Ungali unakwenda kwa kasi ile ile, mpaka kitu kikusimamishe. Kitu hicho kitakuwa mkanda, au kiti cha mbele, au kioo.

Jambo la pili ni muda. Ukisimamishwa polepole, nguvu inayokugusa ni ndogo. Ukisimamishwa ghafla, nguvu ni kubwa mno, ingawa mzigo wa mwendo ni ule ule. Ndiyo maana golikipa huvuta mikono nyuma anapoudaka mpira, na mtu anayeruka kutoka juu hukunja magoti anapotua.

"Shangazi, leta yai nikuonyeshe," kijana akasema. Tuliishika leso yangu ncha zote nne, mimi na mume wangu, naye akalivurumisha yai kwa nguvu. Leso ikabonyea, yai likatua bila ufa. Alitaka kulirusha la pili ukutani ili nione tofauti, nikakataa. Bei ya mayai naijua.

Usiku huo, wote walipolala, nilichukua kalamu nikaandika hesabu yangu mwenyewe. Mtoto, kilo 10. Kasi ya matatu, tuseme kilomita 50 kwa saa, ambazo ni kama mita 14 kwa sekunde. Mzigo wa mwendo ni 140. Muda wa kusimama katika mgongano, tuseme sehemu moja ya kumi ya sekunde. Ukigawanya, unapata nguvu ya nyutoni 1,400, ambayo ni sawa na kuinua kilo 140.

Kilo 140, msomaji! Gunia la mahindi ni kilo 90. Kwa kufumba na kufumbua, mikono yangu ilitakiwa kushikilia zaidi ya gunia moja na nusu. Na kama tungekuwa tukienda kilomita 80 kwa saa, yangekuwa magunia mawili na nusu. Hakuna mama aliyezaliwa awezaye kufanya hivyo, awe na mapenzi kiasi gani.

Nilifunga daftari, nikalia. Nililia kwa sababu sikumwachilia mwanangu. Kisha nikalia tena, kwa sababu hesabu ile ile iliyoniondolea lawama moja ilinitwika nyingine. Mikono haikuweza, lakini mkanda ungeweza. Nami nilicheka.

Tulifundishwa haya zamani, tukayasahau. Mwezi wa Februari 2004, kanuni za aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, marehemu John Michuki, zilianza kutekelezwa. Kila abiria wa matatu alitakiwa kufunga mkanda, na magari hayo kutiwa vidhibiti mwendo visivyozidi kilomita 80 kwa saa. Lakini wengi wetu tulidhani mkanda ni wa kumridhisha polisi. Polisi hasimamishi mzigo wa mwendo.

Na tusisahau malori. Lori la tani 30 likigongana na matatu ya tani 3, nguvu wanazopigana nazo ni sawa. Tofauti ni kwamba mwendo wa matatu hubadilika mara kumi zaidi ya ule wa lori. Lori huendelea mbele, matatu ikarushwa nyuma. Tarehe 30 Juni 2023, kwenye njia panda ya Londiani, lori lililopoteza mwelekeo liliparamia magari na wachuuzi waliokuwa kando ya barabara. Zaidi ya watu 50 walikufa. Mzigo wa mwendo wa lori hauulizi nani yumo garini na nani anauza viazi.

Basi nikuombe nini, mpenzi msomaji? Kabla hujaketi, vuta mkanda uone kama unafunga. Kama haufungi, ngojea gari jingine. Mkanda wa kiunoni uulaze chini, juu ya mifupa ya nyonga, si tumboni. Usiuzungushe mkanda mmoja wewe na mtoto uliyempakata, kwani gari likigonga utamkandamiza kwa mzigo wako wote. Kama una gari lako, mnunulie mtoto kiti chake. Na usishuke matatu ikiwa bado inakwenda. Miguu yako itasimama, lakini kifua kitaendelea na safari.

Neema sasa ana miaka mitano. Ninamlipia nauli yake na ana kiti chake. Utingo hunung'unika kwamba ninapoteza pesa kwa mtoto mdogo hivyo. Namwacha anung'unike.

Ile karatasi ya hesabu nilimwonyesha mume wangu asubuhi yake. Aliisoma mara mbili, akaikunja, akaitia mfukoni. Hakusema neno. Lakini jioni alikwenda kwa mama yake, na tangu siku hiyo sijaulizwa tena nilimwachiliaje.