Santorini, Kisiwa chenye Mlango Mwembamba

Leo twende kutembea katika bahari ya Ugiriki, mpaka kisiwa cha Santorini. Wagiriki wenyewe hukiita Thira. Jina la Santorini kilipewa na watu wa Italia kwa heshima ya Mtakatifu Irene. Wenyeji wake hawapati hata 16,000, lakini mwaka 2023 meli za watalii zipatazo 800 zilileta huko wageni milioni 1.3. Je, kisiwa kidogo namna hiyo chawezaje kupokea umati kama huo?

Kwanza tutazame umbo la nchi. Yapata miaka 3,600 iliyopita mlima wa moto ulipasuka hapo kwa nguvu za kutisha. Sehemu ya katikati ikadidimia, na maji ya bahari yakaingia. Wanaokaa karibu na Nyiragongo wanajua kasoko ni nini: basi, fikirini kasoko kubwa iliyojaa bahari, na kisiwa ndicho ukingo wake. Ukuta wa mawe wasimama wima, na juu yake zimejengwa nyumba nyeupe za Fira, mji mkuu. Chini ya mji maji yana kina kirefu mno, na hapana gati ya kufungia meli kubwa. Kwa hiyo meli husimama mbali, na mashua za wenyeji huwaleta abiria pwani.

Wakishuka katika bandari ya zamani, wageni wana njia tatu za kufika mjini: kwa miguu, wakipanda ngazi karibu 600, kwa mgongo wa punda, kama ilivyokuwa desturi ya zamani, au kwa vibanda vinavyovutwa juu kwa kamba za chuma. Vibanda vinavyopanda pamoja ni 6, na kila kimoja huchukua watu 6. Piga hesabu, ewe mwanafunzi: meli moja yenye abiria 3,000 yahitaji safari zaidi ya 80! Na siku za kiangazi meli kadhaa hufika kwa siku moja. Ndipo watu husongamana bandarini chini ya jua kali, na huko juu vichochoro hujaa hata mwenyeji aendaye dukani au kazini hana pa kupita. Mnamo tarehe 23 Julai 2024, walipotazamiwa kushuka watu wapatao 11,000, kiongozi mmoja wa mji aliwaomba wenyeji wapunguze kutembea. Wengi walichukizwa na neno hilo. Je, mwenye nyumba ajifiche ili mgeni apite?

Hata hivyo tusiwe wenye kusema upande mmoja tu. Kisiwa hicho hakina mito. Zabibu, nyanya ndogo na dengu hulimwa katika majivu ya mlima kwa jasho jingi. Tetemeko la tarehe 9 Julai 1956 lilibomoa nyumba nyingi, na watu wengi wakahama. Waliorudisha uhai ni wageni. Mwenye mashua, mwenye punda na mwenye duka hulisha watoto wao kwa fedha za watalii.

Lakini mgeni wa meli si kama mgeni mwingine. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu halali hata usiku mmoja! Kitanda chake na chakula chake vimo melini. Hutembea saa chache, hununua kitu kidogo, huacha takataka, na jioni amekwenda zake. Tena kuna hatari: mwezi wa Aprili 2007 meli Sea Diamond iligonga mwamba karibu na bandari ikazama; abiria wawili hawakuonekana tena, na mabaki yake yangali chini ya maji.

Dawa ni nini? Tuirudie hesabu. Wageni wale milioni 1.3, kama wangegawanywa sawasawa katika siku zote za mwaka, wasingefika 3,600 kwa siku, wala hakuna ambaye angesukumwa njiani. Taabu yatoka hasa katika kuja wote kwa saa moja. Ndiyo sababu wakuu wa kisiwa waliweka kipimo cha abiria 8,000 kwa siku, na kuzipangia meli zamu zake. Tena, tangu Julai 2025, serikali ya Ugiriki hutoza kila abiria ashukaye hapo euro 20 katika miezi ya wageni wengi.

Mgeni njoo, mwenyeji apone: ndivyo tulivyofundishwa na wazee wetu. Lakini mwenyeji hawezi kupona kama hana neno katika nyumba yake mwenyewe. Mlango wa Santorini ni mwembamba, wala hakuna awezaye kuupanua. Kilichobaki ni kuwaingiza wageni kwa zamu, na ufunguo ukae mkononi mwa mwenye nyumba.