Kutoka Mzinga hadi Meno ya Mama

Hapa Al Quoz, Dubai, kiwanda kubadilisha kazi si habari ya ajabu. Alserkal Avenue, ambako leo watu huenda kutazama sanaa na kunywa kahawa, sehemu yake ilikuwa kiwanda cha marumaru. Karakana ninayofanyia kazi hutengeneza meza na masinki ya jikoni za hoteli kwa chuma kisichoshika kutu, tunachokiita stenlesi. Lakini kiwanda kilichonishangaza zaidi kilikuwa Essen, Ujerumani, nami nilianza kukifuatilia kwa sababu ya meno ya mama yangu.

Mama yuko Kibokoni, Mombasa. Meno manne ya juu yalimtoka, na daktari akampa hiari mbili: meno ya bandia ya plastiki tupu, au yenye fremu ya chuma. Sisi wanawe, dada yuko Leicester, kaka yuko Maskati, nami niko hapa, tukakubaliana kuchanga kwa ya chuma, kwa kuwa ni nyembamba na haivunjiki upesi. Mama akakataa. "Mwanangu, mwataka nitiwe sufuria kanwani?" Akawa haendi arusini, na akila, anakula peke yake.

Neno lake la sufuria lilikuwa karibu na ukweli kuliko alivyodhani.

Kampuni ya Krupp ilianzishwa Essen mwaka 1811. Ilijipatia jina kwa magurudumu ya reli na, zaidi ya yote, kwa mizinga. Mwaka 1912 ilisajili hataza ya chuma kilichochanganywa na kromiamu na nikeli, kazi ya wataalamu wake Benno Strauss na Eduard Maurer. Kromiamu hujenga utando mwembamba usioonekana juu ya chuma, na utando huo ndio unaozuia kutu. Krupp walikiita V2A. Stenlesi ninayoikata kila siku ni ya ukoo huo huo, na sufuria zinazong'aa jikoni kwa mama pia.

Vita vikaisha mwaka 1918. Mkataba wa Versailles wa 1919 ukaizuia Ujerumani kuunda silaha kama zamani, na makumi ya maelfu ya wafanyakazi wa Krupp wakaachishwa kazi. Kampuni ikageukia vichwa vya treni, mashine za kilimo, hata mashine za kuhesabia pesa madukani. Na meno. Ilikuwa na kliniki ya meno kwa ajili ya wafanyakazi wake, na mwaka 1919 daktari wa hapo, Hauptmeyer, akaanza kutengeneza meno ya bandia kwa chuma kile. Kabla ya hapo wenye uwezo waliwekewa dhahabu, wengine wakavumilia mpira mgumu, mnene kanwani. Chuma cha meno kikapewa jina Wipla, kifupi cha maneno ya Kijerumani yenye maana ya "kama platini".

Nikamsimulia mama kwa simu. Krupp haijui, lakini mzinga wake ameupita tangu utotoni, pale Ngomeni, Fort Jesus. Ni mmoja kati ya mizinga 10 mikubwa ya Königsberg, manowari ya Kijerumani iliyomalizwa katika delta ya Rufiji Julai 1915. Wajerumani waliiopoa mizinga hiyo, ikatengenezewa magurudumu Dar es Salaam, kisha ikakokotwa porini na watu wetu katika vita vilivyoua wapagazi wengi mno.

"Kumbe hao ndio wenye meno?" akauliza.

Ndio hao, na meno hayakuwasafisha. Chini ya Hitler walirudia silaha na kuwatumikisha watu kwa nguvu, hata Alfried Krupp akahukumiwa kifungo huko Nuremberg mwaka 1948. Sikumficha mama hayo. Nilitaka tu ajue kwamba chuma cha kiwandani kimekaa vinywani mwa watu kwa miaka mia na zaidi, na kwamba swali la maana si kama ni ndugu wa sufuria, bali kimechanganywa na nini.

Kwa sababu leo fremu nyingi za meno si stenlesi tena. Ni aloi ya kobalti na kromiamu, na kobalti nyingi ya dunia huchimbwa Kongo, upande wa Kolwezi, ambako Kiswahili ndicho lugha ya sokoni. Lakini zipo aloi za meno zenye nikeli, na nikeli huwadhuru baadhi ya watu. Dada ndiye aliyekumbuka: hereni za bei rahisi humtoa mama vipele masikioni, na mara nyingi sababu ya vipele hivyo huwa nikeli. Hilo hakuna aliyekuwa amemwambia daktari.

Tukamwandikia mama maswali matatu kwenye karatasi. Fremu ni ya aloi gani? Ina nikeli? Maabara itatoa maandishi ya kuonyesha kilichomo? Akaenda nayo mwenyewe, akamweleza daktari habari za hereni, akajibiwa kwamba atatengenezewa ya kobalti na kromiamu, isiyotiwa nikeli, na karatasi yake atapewa.

Wiki iliyopita alichukuliwa vipimo. Arusi ya binti wa jirani ni mwezi ujao, na mama ameshanunua leso.