Maji ya moto tuliyomkanda yaya

Wiki hii hatuwaletei habari za shule. Tunataka kueleza yaliyotokea kwetu nyumbani, na yaya wetu ametukubalia, mradi tusitaje jina lake.

Yaya anauza vikwembe na viatu hapa Lubumbashi. Mara mbili kwa mwaka anakwenda Istanbul kununua bidhaa. Safari ya mwisho alirudi na mizigo michache na kiuno chembamba. Akatuambia ni kufunga na kusali. Sisi wadogo zake watatu tulimwamini siku nne. Siku ya tano tulimkuta chumbani analia, amevaa nguo ya kubana kuanzia chini ya maziwa mpaka mapajani. Ndipo aliposema ukweli: alikwenda kunyonywa mafuta ya tumbo, ile kazi ambayo kwa Kifaransa inaitwa liposuksiyo. Siku sita baada ya upasuaji alikuwa ndani ya ndege.

Tumbo lilikuwa limevimba chini ya kitovu. Ukibonyeza upande mmoja, upande mwingine unatikisika kama mfuko wa maji. Akasema pesa yake ya likelemba yote imeisha huko, kwa hiyo hospitali haendi, na watu wasijue.

Basi tukafanya tulichofundishwa na mama yetu. Ninyi wote mnajua: mwanamke akizaa, anakandwa tumbo kwa taulo na maji ya moto, asubuhi na jioni. Tukachemsha maji. Mmoja anakamua taulo, mwingine anakandamiza, wa tatu anamshika yaya mikono. Lakini yaya hakulia. Hata alisema, "Ongezeni moto, sisikii kitu." Tukafurahi, tukidhani dawa inafanya kazi. Jioni ya pili ngozi ikatoa malengelenge.

Usiku uleule tukachukua teksi mpaka hospitali. Tulingoja kugombezwa. Munganga, mama wa umri wetu, alituketisha akatueleza polepole, kama vile sisi tunavyowaeleza watoto hesabu. Lile bomba la chuma linalonyonya mafuta linaumiza pia mishipa midogo inayoleta hisia. Kwa wiki nyingi, hata miezi, ngozi inabaki na ganzi. Ndiyo sababu yaya hakusikia moto. Tuliangaliana. Mkono uliomchoma ulikuwa wetu.

Na yale maji? Mafuta yakitoka, nafasi inabaki kati ya ngozi na nyama, na mwili unaijaza kwa maji mepesi ya manjano. Yanaitwa seroma. Yakiwa machache, mwili unayanywa wenyewe. Yakiwa mengi, munganga anayavuta kwa sindano safi, na huenda akarudia. Yaya alivutwa mara tatu. Mara ya mwisho yalitoka kidogo sana. Tulikuwa tumekwisha kufikiri kutoboa sisi wenyewe kwa sindano ya dukani. Munganga alitikisa kichwa: vidudu vikiingia mle, maji yanageuka usaha.

Alituandikia pia alama za kukimbilia hospitali saa ileile: homa, ngozi nyekundu yenye joto inayozidi kuenea, maji yenye harufu mbaya. Na mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikata ghafula, hilo linaweza kuwa damu iliyoganda, hatari inayoongezeka kwa mtu aliyepasuliwa kisha akakaa saa nyingi kwenye ndege.

Wiki ya nne hofu nyingine ikaja. Tumbo likawa gumu, lenye vinundu kama mihogo iliyofukiwa. Mdogo wetu wa mwisho alisema ni kansa. Kumbe ni kovu la ndani, fibrozi. Linalainika lenyewe kwa miezi mitatu, sita, wakati mwingine zaidi. Malengelenge yalipopona kabisa, mtaalamu wa kinezi alitufundisha kukanda upya: kiganja kimelala, mkono mwepesi kama unamfuta mtoto machozi. Juu ya kitovu unasukuma kuelekea kwapani, chini ya kitovu kuelekea kwenye kinena. Maumivu yakija, unaacha. Mikono yetu ilikataa kwanza. Tumezoea kufikiri kwamba kisichouma hakiponyi.

Ile nguo ya kubana aliivaa usiku na mchana wiki sita, akiivua kwa kuoga tu. Ilipaswa ikae bila mkunjo, kwa sababu mkunjo unaacha mfereji kwenye ngozi. Kwa joto la Oktoba hapa kwetu, mnaweza kufikiri maneno aliyotutolea.

Kama alifanya vizuri kwenda au vibaya, hilo tunalibishania nyumbani mpaka leo, na hatutalimaliza hapa. Lakini siku zile tano za kujificha tungependa turudishiwe.

Sasa ni miezi mitano. Vinundu vimebaki viwili. Matundu ya upasuaji yamekuwa alama ndogo kama punje za mahindi, ingawa munganga anaziangalia, maana yaya aliwahi kuota kovu kubwa la sikio alipotobolewa kwa hereni. Alama ya maji yetu ya moto ni nyeusi, pana kama kiganja. Jumamosi tukienda kumkanda, tunaizunguka.