Maji Yanayokula Shaba

Barua ya mwezi huu inatoka katika chumba cha chini ya ardhi cha nyumba ya mbao kando ya msitu, mwendo wa nusu saa kwa gari kutoka Concord, makao makuu ya jimbo la New Hampshire, kaskazini mashariki mwa Marekani. Mwandishi wa barua hizi anaishi hapo na familia yake. Anaandika akiwa amekalia ndoo iliyofudikizwa, mbele ya tangi linalomfika kifuani. Ndani ya tangi hilo mna marumaru nyeupe iliyosagwa, chenga zake kama mchanga mnene.

Habari za tangi zinaanzia kwa mama yake. Alipokuja kutoka Makunduchi, Zanzibar, kuwaona wajukuu, kilichompendeza kabla ya kitu kingine chochote ni maji. Kwao visima vimechimbwa katika mwamba wa matumbawe. Sabuni haitoi povu mpaka uisugue kweli kweli, na birika huvaa ukoko mweupe ambao watoto huubandua kwa kucha. Hapa alifua kanga tatu kwa kipande kidogo cha sabuni, na povu likamjaa mpaka viwikoni. "Maji matamu haya," akasema, "kama ya mvua."

Siku ya tatu aliinama kwenye sinki la bafuni akapitisha kidole juu ya alama ya kijani iliyochanganyika na buluu, iliyoteremka kutoka chini ya koki mpaka kwenye tundu la kutolea maji. Akakinusa kidole. "Mwanangu, hii shaba. Sufuria ikiisha bati ndivyo inavyokuwa."

Mwandishi alikuwa ameiona alama ile kwa miaka miwili. Alinunua dawa za kusugulia masinki, ikafutika, ikarudi. Hakuna siku aliyojiuliza inatoka wapi. Mama yake amekulia penye masufuria ya shaba, na watu wa rika lake wanajua kwa nini masufuria hayo hutiwa bati ndani: ukwaju na ndimu huitafuna shaba, na shaba ikiingia kwenye chakula watu huumwa matumbo. Yeye hakuhitaji maabara kujua kwamba nyumba ile ilikuwa na kitu kinachotafuna.

Na kuhusu mvua pia alikuwa amesema kweli. Tone la mvua likipita hewani huchukua hewa ya ukaa na kuwa na uchachu kidogo, kiasi cha 5.6 katika kipimo cha pH, ambacho 7 ndiyo katikati. Likizama ardhini penye majani yanayooza hukutana na hewa ya ukaa nyingi zaidi. Baada ya hapo, linalofuata hutegemea jiwe. Makunduchi maji huangukia matumbawe, na matumbawe ni chokaa. Uchachu wote huishia hapo, ukilila jiwe, na yale mabaki yaliyoyeyuka ndiyo ukoko wa birika. New Hampshire huitwa na wenyewe Jimbo la Granaiti, na granaiti haina chokaa ya kugawa. Maji hushuka katika nyufa zake na kufika kwenye pampu na njaa yake ile ile. Chokaa ambayo yangeikuta kwanza, kwa bahati mbaya, haipo. Yanachokikuta ni bomba la shaba.

Kipimo cha pH huwadanganya wengi kwa udogo wa tarakimu zake. Kila namba moja ni mara kumi: maji ya 6 yana uchachu mara kumi ya maji ya 7, na ya 5 mara mia. Shirika la serikali ya Marekani linalosimamia mazingira hushauri maji ya kunywa yawe kati ya 6.5 na 8.5. Ya nyumbani kwa mwandishi yalisoma 5.9.

Hapa inafaa kusema jambo moja wazi, kwa sababu wauzaji wa mashine za kile wanachokiita maji ya alikali wamewatia watu hofu isiyo na msingi. Maji ya 5.9 hayamuunguzi mtu tumbo. Juisi ya ndimu iko karibu na 2, na tumbo lenyewe lina tindikali kali kuliko maji hayo. Hatari iko katika kile maji yanachokibeba yakipita ndani ya mabomba: shaba, na pamoja nayo risasi. Marekani mafundi waliunganisha mabomba ya shaba kwa lehemu yenye risasi mpaka sheria ilipokataza mwaka 1986, na hata baada ya hapo koki za shaba njano ziliruhusiwa kuwa na risasi mpaka asilimia 8. Kiwango hicho kilishushwa hadi asilimia 0.25 mwaka 2014. Nyumba ya mwandishi ilijengwa kabla ya yote hayo. Risasi haina kiasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Huingia kwenye ubongo unaokua, na mtoto anaweza asionyeshe dalili yoyote.

Nalo si jambo geni duniani. Katika miaka ya 1880 wakazi wa Sheffield, Uingereza, walipatwa na sumu ya risasi kwa sababu maji ya vilima vyenye mboji yaliyayeyusha mabomba ya risasi ya mji. Hata kwetu Tanzania, watu wa miteremko ya mlima Meru wanajua kwamba maji maangavu yanaweza kuficha floridi inayowaachia watoto meno ya kahawia.

Sasa, nani aliyepaswa kumwambia mwenye nyumba? Hakuna. Sheria ya maji salama ya kunywa ya mwaka 1974 inazibana kampuni na miji inayowauzia watu maji. Kisima cha nyumba binafsi kiko nje yake, ingawa zaidi ya watu milioni 40 nchini Marekani wanakunywa kutoka visima vya namna hiyo. Mwaka 2016 wanajiolojia wa serikali walitangaza matokeo ya visima zaidi ya 20,000. Katika majimbo 25 waliona uwezekano mkubwa wa maji ya ardhini kula mabomba. Lakini hakuna afisa atakayebisha hodi. Mtu aliyezoea kuilaumu mamlaka ya maji akifika huku huwa hana wa kumlaumu. Mamlaka ni yeye mwenyewe.

Mwandishi alianza kwa chupa mbili za maabara. Ya kwanza hujazwa alfajiri kabla mtu yeyote hajafungua koki wala kuvuta choo, kwa sababu maji yaliyolala ndani ya bomba usiku kucha ndiyo yaliyokula vya kutosha. Ya pili hujazwa baada ya kuyaacha yatiririke dakika kadhaa. Majibu yalipotoka, chupa ya kwanza ilikuwa imepita kikomo cha shaba cha serikali, miligramu 1.3 kwa lita. Ya pili ilikuwa na shaba kidogo mno. Kisima hakikuwa na kosa. Shaba ilitoka ukutani mwao. Kwa pH mtu asingoje maabara: maji yakikaa wazi, hewa ya ukaa hutoroka na namba hupanda yenyewe. Hupimwa pale pale kwenye koki.

Muuzaji wa kwanza kuitwa alitaka kuwauzia mashine ya kulainisha maji. Mashine hiyo huondoa kalisi na kuweka sodiamu mahali pake, na uchachu huuacha kama ulivyo. Yaani angechukua fedha ya watu kuyatibu maji laini kwa kuyalainisha, na mabomba yangeendelea kuliwa. Jambo hili linamuudhi mwandishi hadi leo: wahamiaji wangapi wametia saini mkataba wa namna hiyo kwa kuwa mgeni haoni vizuri kubisha?

Fundi wa pili, mzee wa maneno machache, alisema kwamba maji hayo yanahitaji jiwe tu. Alikata bomba baada ya tangi la presha, kabla ya hita, akafunga tangi jipya, akamimina mifuko mitatu ya marumaru ya ratili 50 kila mmoja. Marumaru ni chokaa ile ile iliyopikwa na ardhi kwa joto na uzito. Maji hupita katikati ya chenga, huzila, hushiba. Uzuri wake ni kwamba hayawezi kupitiliza: uchachu ukiisha, jiwe haliyeyuki zaidi. Maji yaliyo chini ya 6 huongezewa oksaidi ya magnesi kidogo, ambayo hufanya kazi haraka, lakini ikizidi hupandisha pH kupita kiasi na inaweza kuzigandisha chenga kama saruji. Fundi alitia kidogo sana. Yaliyo chini ya 5 hayafai tangi la namna hii. Hayo hudungwa magadi kwa pampu.

Saa nane za usiku tangi hujisafisha. Maji huingia kwa chini, huziinua chenga, hutoa tope na kwenda zake kwa bomba la taka. Mke wa mwandishi aliamka usiku wa kwanza akidhani mvua inanyesha ndani. Jiwe hupungua, kwa hiyo kila mwaka mtu hufungua kifuniko, humulika kwa tochi na kuongeza. Marumaru haiondoi aseniki wala radoni, ambazo granaiti ya huku hutoa zote mbili. Hizo zina vipimo na vichujio vyake. Na bomba lililokwisha kuliwa haliponi. Mwezi wa nne baada ya tangi kufungwa, tundu dogo kama ncha ya sindano lilitokea juu ya dari ya jiko. Kipande alichokata fundi kiko mezani wakati barua hii inaandikwa: nje kinang'aa, ndani kina mashimo mashimo kama korosho iliyotobolewa na wadudu.

Maji sasa yanasoma 7.2. Sabuni imekuwa ngumu kidogo kutoa povu, na birika limeanza kushika ukoko.

Wiki iliyopita mwandishi alitembelea familia ya Kikongo, watu wa Uvira waliopanga foleni ya maji miaka mingi katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, na ambao wamenunua nyumba yao ya kwanza maili chache kutoka hapo. Mama wa nyumba alikuwa anachanganya maziwa ya unga ya mtoto wa miezi mitano kwa maji ya moto ya koki. "Maji ya hapa ni safi kabisa, ndugu," alisema, na akamjazia mgeni glasi. Sinki lilikuwa na alama ya kijani. Mwandishi aliwaeleza kwamba maji ya moto huyeyusha risasi zaidi ya ya baridi, na kwamba mpaka wapime maji na majibu yatoke, maziwa ya mtoto wayachanganye kwa maji ya chupa. Baba alienda mwenyewe kuzima taa ya bafuni, akarudi na kuuliza kama kuvuta choo usiku pia kunaharibu kipimo. Kunaharibu, aliambiwa. Chupa mbili zilibaki juu ya meza yao, moja imeandikwa "kwanza", nyingine "pili", na karatasi ikabandikwa kwenye koki ya jikoni kwamba mtu asiifungue mpaka saa kumi na mbili asubuhi.