Nilifuta Picha za Mteja kwa Sababu Madirisha Yangu Yalifanana

Wanangu, leo nakiri kosa. Saa saba usiku, kwetu Likoni, niko kitandani na laptopu mapajani. Nikaandika `rm -r picha`, nikabonyeza Enter. Nilidhani nafuta folda yangu ya takataka za video. Kumbe niko ndani ya seva ya mteja, na kule pia kuna folda inaitwa picha.

Picha 64 za madera, zote nilizipiga mie mwenyewe. Zile asili zilikuwa kwenye memori kadi, na kadi nilishaifuta ili nirekodi video. Nakala hakuna. Asubuhi nikampigia simu yule mama.

"Mama, zile picha za duka nimezifuta kwa bahati mbaya."

Akanyamaza. Kisha akasema, "Sasa mwanangu, mie wateja niwaonyeshe nini?"

Siku tatu nilivuka feri kwenda mjini kupiga madera upya, bila malipo. Hakunifokea hata mara moja, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Mie niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipokwama. Cheti sina. Nilicho nacho ni mtu kuniamini na kazi yake.

Nilipowaeleza mabeshte, wote jibu moja: "Kuwa makini, bro." Na hapo ndipo napinga. Umakini nilikuwa nao mchana kutwa. Saa saba usiku umeisha, kama chaji. Shida yangu ilikuwa madirisha mawili yaliyofanana kama mapacha: yote meupe, maandishi meusi, moja laptopu yangu, moja riziki ya mtu.

Fikiria matatu. Zile sheria za Michuki zilipoanza kutumika 2004, kila matatu ilipigwa mstari wa manjano ubavuni. Hakuna aliyekwambia uwe makini kujua kama ile gari ni ya abiria. Unaiona tu kutoka mbali. Nikajiuliza, kwani seva ya mteja haiwezi kuwa na mstari wake?

Inaweza. Laptopu yangu ni ya mkono wa pili, RAM 2 GB, kwa hivyo natumia xterm, terminali nyepesi. Ni mzee huyo: aliandikwa 1984 kule MIT, Marekani, na Mark Vandevoorde, na tangu 1996 anatunzwa na Thomas Dickey. Hana menyu ya kuchagua rangi. Rangi unampa kwa maneno, na njia ni mbili.

Ya kwanza ni opsheni, pale unapomfungua:

`xterm -bg darkred -fg white`

Dirisha linakuja jekundu, maandishi meupe. Tamu! Lakini ukilifunga, imeisha hiyo. Kesho yake nikasahau kuziandika, dirisha likarudi jeupe. Yaani bado nilikuwa nategemea kichwa changu, kichwa kilekile cha saa saba usiku.

Njia ya pili ni faili. Linaitwa `.Xresources`, linakaa kwenye folda yako ya nyumbani. Langu liko hivi:

```
! laptopu yangu
XTerm*background: black
XTerm*foreground: gray90
XTerm*faceName: DejaVu Sans Mono
XTerm*faceSize: 13
! kazi ya watu
seva*background: darkred
seva*foreground: white
```

Mistari ya alama ya mshangao ni maelezo yako tu, xterm haisomi. Ukimaliza, andika `xrdb -merge ~/.Xresources`. Usishtuke ukiona hakuna kilichobadilika: madirisha yaliyo wazi hayaguswi, fungua jipya.

Sasa, uzuri uko kwenye lile neno "seva". Nimelibuni mimi. Ukifungua kwa `xterm -name seva`, dirisha linajiita seva, linaenda kwenye faili kutafuta mistari yenye jina lake. Fonti, ambayo sikuiandikia seva, linachukua ile ya XTerm wote. Rangi linachukua yake. Na siku ukitaka kubadilisha kwa muda, opsheni ya `-bg` inalishinda faili, kwa dirisha hilo pekee.

Lakini bado kuna kitu cha kukumbuka, lile `-name`. Kwa hivyo nikaongeza mstari mmoja kwenye `.bashrc`:

`alias duka='xterm -name seva -e ssh duka &'`

Hiyo `-e` ikae mwisho, kwa sababu yote yanayoifuata huchukuliwa kuwa komandi ya kuendeshwa ndani ya dirisha. "Duka" ya mwisho ni jina nililoipa seva kwenye mipangilio ya ssh. Sahizi naandika neno moja tu, duka, na dirisha jekundu linafunguka likiwa tayari ndani ya seva. Siingii kule kwa njia nyingine.

Juzi usiku, macho yamelegea, nikaanza kuandika tena `rm -r`. Skrini nyekundu. Kidole kikaganda juu ya Enter. Nikatoka, nikafungua dirisha jeusi, nikafuta changu kwa amani.

Rangi haikuzuii kufuta, inakustua tu. Nakala za picha bado lazima uweke, na mie siku hizi naweka kabla sijagusa memori kadi. Lakini ukikosea mara moja, usijiapize ati utakuwa makini. Liandike mahali, mashine ikukumbushe.

Yule mama bado ni mteja wangu. Mwezi huu ameniongezea mabaibui.