Kilango cha Paka na Betri Zake Nne

Wakala wa mwenye nyumba yetu hapa Exeter, mji ulio katika jimbo la Devon kusini-magharibi mwa Uingereza, ameniletea barua iliyopigwa chapa vizuri na kutiwa sahihi mbili, ya kunijulisha kwamba ombi langu la kutia kilango cha paka katika mlango wa nyuma limetazamwa kwa makini na limepata idhini, kwa masharti kwamba kazi ifanywe na fundi mwenye bima, kwamba kioo kitakachotolewa kihifadhiwe mahali pa salama, na kwamba siku nitakapohama niuache mlango katika hali yake ya kwanza, kana kwamba hapana paka aliyepata kupita hapo tangu nyumba ijengwe. Nilimsomea paka barua hiyo, akapiga miayo. Mimi sikuweza, maana mtu aliyelelewa Uyole, kwetu Tanzania, ambako tundu la paka lilikuwa shauri baina ya mwenye nyumba na seremala wake, hawezi kusoma sharti la bima kwa ajili ya tundu bila ya kuingiwa na ghadhabu kidogo.

Kioo chenyewe ndicho chanzo cha gharama. Nusu ya chini ya mlango ule ni vioo viwili vilivyokabiliana, kati yao hewa iliyofungiwa ili baridi isipenye, na kila kimoja kimetiwa tanurini kikapozwa ghafula kwa upepo, jambo linalokipa nguvu ya kustahimili teke la mtoto na mpira wa jirani, lakini linalokifanya kisikatike tena abadan: ukikigusa kwa keekee hupasuka chote kwa mara moja, kikamwagika sakafuni vipande vidogo vidogo. Kwa hiyo kioo cha namna hii hakitobolewi mlangoni. Huagizwa kipya kiwandani, na tundu lake hukatwa kabla hakijaingia tanurini. Fundi wa vioo alikuja na futi yake, akapima mlango, kisha, wallahi, akampima paka: kimo cha tumbo lake kutoka sakafuni, ili tundu likae mahali ambapo mnyama atapita kwa kunyanyua mguu na si kwa kutambaa. Akaandika. Akanitajia bei iliyopita pauni 200, na kilango chenyewe hakimo. Nikamwuliza kama hapana njia nyingine, akanijibu kwa adabu kubwa kwamba ipo, nayo ni kutoboa ukuta wa matofali na kutia njia ya plastiki ndani yake, ambayo ni ghali zaidi.

Na kilango nacho usidhani ni kipande cha ubao chenye bawaba. Kina betri nne. Kina kufuli la hali nne, hata waweza kumruhusu paka aingie asitoke, atoke asiingie, afanye yote mawili, au asifanye lolote. Kina sumaku ya kukirudisha mahali pake upepo ukivuma. Na ndani ya fremu yake umezungushwa waya usioonekana, ambao kazi yake ni kusoma chipu. Chipu hiyo, yenye ukubwa wa punje ya mchele, daktari wa mifugo huisukuma kwa sindano chini ya ngozi baina ya mabega ya paka, nayo hubeba namba ya tarakimu 15. Si hiari tena: tangu tarehe 10 Juni 2024 sheria ya hapa imemlazimu kila mwenye paka wa nyumbani kumtia chipu kabla hajatimiza majuma 20, na anayeonekana hakufanya hivyo hupewa siku 21 za kutimiza wajibu wake, akikaidi faini yaweza kufika pauni 500. Paka wetu basi ameandikishwa katika daftari la kompyuta, pamoja na jina langu na anwani yangu. Nami, tangu serikali ya hapa ilipoziondoa kadi zetu za ukaazi na kuziweka ruhusa zetu mtandaoni, sina tena cha kushika mkononi, hivyo mimi na paka tu sawasawa mbele ya dola, isipokuwa yeye namba yake imo begani na haipotei, ilhali mimi yangu huitafuta kila mwajiri anapoiulizia.

Lakini mlango usome namba ya paka kwa sababu gani? Kwa sababu ya paka wa jirani. Hapa ndipo ghadhabu yangu inapopanda ngazi, maana akili yote hii, sumaku na waya na betri, imekusanywa kwa madhumuni ya kumzuia paka wa nyumba ya pili asiingie akaramba sahani isiyo yake. Jirani yetu, mama mzee mwenye heshima zake, alikuja mpaka kwenye ua wetu akiwa ameiva uso kwa tahayari, akaniomba radhi kwa kuwa paka wake alionekana jikoni kwetu akila. Nami nilistaajabu hata nikakosa la kusema, kwa kuwa mtu aliyeishi karibu nasi muda wote huo kwa salamu za kutikisa kichwa alikuwa anazungumza nami kwa mara ya kwanza, na anazungumza kwa hisani ya mwizi wa miguu minne. Nilimkaribisha chai. Baada ya kilango kutiwa hana sababu ya kuja tena, na hakuja.

Wahenga walisema paka wa nyumba haingwi, na kwetu Uyole nyumba hiyo ilikuwa mtaa mzima. Paka aliyezaliwa kwa mama mkubwa alilala kwetu na kula kwa mwalimu, na mtu akimwuliza mwenziwe paka huyu ni wa nani, aliyeulizwa alijibu kwamba ni wa hapa hapa. Mwalimu huyo, ambaye alifundisha Kurani watoto wachache wa Kiislamu waliokuwako katika mtaa uliojaa Wamoravian, alitusimulia hata sisi tusiokuwa wanafunzi wake hadithi ya sahaba Abu Qatada, jinsi alivyokiinamisha chombo chake cha maji ya udhu ili paka anywe, akasema kuwa Mtume amewafundisha kwamba paka si najisi, bali ni miongoni mwa wanaotuzungukia majumbani. Tangu siku ile mama yangu, Mmoravian wa kufa na kuzikana, aliacha kumfukuza paka jikoni kwa ufagio. Akawa anamfukuza kwa mdomo tu.

Nisiwadhulumu Waingereza, hata hivyo, maana palikuwa na wakati walipokuwa wenye busara kama sisi. Katika kanisa kuu la mji huu huu, chini ya saa kubwa ya kale inayoonyesha mwendo wa mwezi, upo mlango wa mbao wenye tundu la mviringo karibu na sakafu, nalo lilikatwa mwaka 1598 katika zama za Askofu William Cotton, na maseremala wakalipwa peni 8 kwa kazi hiyo. Panya walikuwa wakivutwa na mafuta ya wanyama yaliyopakwa mitambo ya saa, na hesabu za kanisa zaonyesha kwamba tangu mwanzo wa karne ya 14 paka alitengewa peni moja kwa juma, mshahara halali, akitazamiwa kuukamilisha kwa kuwinda. Nimekwenda kulitazama tundu hilo si mara moja. Halina betri, halina kifuniko, halisomi namba ya mtu wala ya mnyama, na hapana mahali palipoandikwa kwamba askofu alitakiwa kuurudisha mlango katika hali yake ya kwanza. Waingereza waliokata tundu lile nadhani wangaliyaelewa maisha ya Uyole kuliko maisha ya wajukuu wao.

Kwa bibi yangu, upande wa Nsalaga, ghala la mahindi lilikuwa na mlango wa mbao za msindano, na pembeni chini yake tundu ambalo seremala alilikata kwa patasi baada ya kumtazama paka kwa jicho tu. Uyole, wasiopajua wapajue, ni pale barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Tunduma inapoiacha ile ya Tukuyu na Kyela, mahali palipoinuka zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, ambako mwezi wa Juni na Julai mtu huamka akakuta majani yamekuwa meupe kwa baridi. Na kwa mipango ya Mwenyezi Mungu ni katika miezi hiyo hiyo mahindi yanapovunwa na kuingizwa ndani, hata panya wa mashambani nao wakafuata joto na chakula kwa pamoja. Bibi alipigilia kipande cha gunia juu ya tundu kwa misumari miwili, kikaning'inia. Paka alikisukuma kwa kichwa akiingia, kikajirudia chenyewe nyuma yake. Na sitaki kuyapamba mambo: paka wa bibi hakupewa hata kichwa cha dagaa msimu wa mahindi, ili asishibe akasahau kilichomweka pale, na wanawe walikwenda sokoni ndani ya kapu kabla hawajajua kutembea vema. Aliyekuwa na mahindi yasiyoguswa hadi mvua za Novemba ni bibi, si wale majirani wenye milango mizima.

Sasa nifike kwenye jambo lililonishikisha kalamu usiku huu, ambalo si la Waingereza hata kidogo. Mdogo wangu amejenga nyumba nzuri Uyole, na nimefurahi naye: dari ya jipsamu, madirisha ya aluminiamu, vigae sakafuni, milango ya chuma inayofunga kimya. Ule uwazi kati ya ukuta na mabati ambao paka wa zamani waliupita usiku kucha, fundi ameuziba kwa saruji. Chumba kimoja ni stoo, mahindi yamepangwa humo magunia kwa magunia, na panya wamekwisha jua njia kupitia bomba la maji machafu. Paka yuko barazani, analala juu ya kifutio cha miguu, kwa kuwa mke wa ndugu yangu hataki mlango uwe wazi usiku, na hana kosa. Mdogo wangu akanipigia simu: "Shikamoo kaka. Tunaomba ututumie kile kilango cha paka cha huko, kile chenye kusoma."

Nilimwambia marahaba, kisha nikanyamaza. Kisome nini? Paka wa Uyole hana chipu wala daftari. Na mji wenye maseremala kila upande wa barabara, ulio ubavuni mwa kituo cha utafiti wa kilimo kilichoanzishwa kwa msaada wa nchi za Nordiki, kituo kilichotupa mbegu ya mahindi ya UH6303 na maharage yanayojulikana mpaka Kigoma kwa jina la mji wenyewe, unaagiza tundu kutoka Devon! Ndugu yangu akaniambia kwamba mlango wa chuma haukatiki kwa patasi. Kweli. Lakini stoo ina ukuta wa matofali ya kuchoma, na matofali mawili hutoka kwa nyundo.

Akaniambia pia kwamba panya si taabu, sumu ipo, inauzwa sokoni Mwanjelwa kwa vipakiti. Hapo nilimkatiza. Panya aliyekula sumu hafi papo hapo. Huzurura, akilegea hukamatwa na paka, na paka akamfuata. Kisha wanabaki panya wengine, na paka hayupo. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, wamewachunguza panya miaka mingi, kutokana na uharibifu wa mazao na kutokana na tauni iliyosumbua Lushoto tangu mwaka 1980, na huko huko Morogoro panya buku wanafunzwa kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu, nao wanapewa ndizi kwa kazi hiyo; nasema haya kwa sababu ndugu yangu aliniuliza kwa mzaha kama basi nisimtumie panya aliyesoma. Hata mfuko ule wa plastiki wa tabaka tatu wa kuhifadhia mahindi, unaowakomesha dumuzi tunaowaita skania, panya huutoboa kwa meno, hewa ikaingia, kazi yote ikawa bure.

Kilango cha betri sitakituma. Ninyi mnaojenga Uyole, Igawilo na hata Iringa, mwambieni fundi mapema, kabla plasta haijapigwa, aache katika ukuta wa stoo tundu la upana wa sentimita 15 na kimo cha 18, shubiri moja kasoro kutoka sakafuni, apigilie juu yake ubao mwepesi wenye bawaba au kipande cha gunia zito, na upande wa nje atie kigingi cha kulifungia usiku ambao hamtaki mgeni. Na vipakiti vya sumu vilivyomo ndani viondoeni vyote kwanza, kabla paka hajaanza kazi.